Mama Kinuthia na Uji Wangu wa Oti

Mimi si mtu rahisi. Waulize niliowafundisha darasa la sita kwa miaka thelathini na mmoja, watakwambia. Kwa hiyo ninapoandika habari za jirani yangu Nyokabi, ambaye hapa Yamumbi, pembeni mwa Eldoret, tunamwita Mama Kinuthia kwa jina la kifungua mimba wake, msomaji ajue kwamba sifa hizi hazijatoka kwa mtu wa kusifu ovyo. Zimenitoka kwa shida, na zimechelewa.

Nyokabi ana duka ng'ambo ya barabara, mkabala na lango langu. Wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bondeni, na hajui kunyamaza. Anauza mikate, sabuni, unga, mayai, na karanga anazozitwanga mwenyewe nyuma ya kaunta. Siku hizi anauza pia oti, ile nafaka iliyopondwa bapa, kwa sababu vijana wanaokimbia mazoezi alfajiri upande wa Kiplombe humwulizia. Mumewe alifariki zamani, watoto wake wamekua wakaenda zao, na wangu pia wako mbali. Miaka ishirini tulisalimiana kila siku bila kujuana. Aliyemjua ni mke wangu, Jerop.

Jerop alifariki mwaka juzi, mwezi wa Agosti. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi maisha yetu yote. Kila asubuhi, kabla ya neno lingine lolote, angeniuliza, "Mwalimu, umekula?" Hata kama sahani ilikuwa mbele yangu. Nami nilimjibu kwa ukali, "Nimekula, mwanamke, huoni?" Alipokwenda, hakuna aliyeuliza tena, na mimi sikuona sababu ya kula. Isitoshe nyonga yangu ya kushoto ilikuwa imelika, na kusimama jikoni dakika kumi kulinitoa machozi. Nikawa mtu wa chai ya rangi na kipande cha mkate. Kibuyu cha Jerop, kile sotet alichokuwa akigandishia mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, nilikitundika ukutani jikoni kikiwa kitupu. Wakati mwingine nilikifungua nikanusa ndani. Bado kulikuwa na ule moshi wa mti aliokuwa akikifukizia, na maziwa yake, na basi, nilikifunga tena.

Mwaka huu mwezi wa Februari daktari wa mifupa aliniambia nyonga yangu itabadilishwa, na nafasi ilikuwa imepatikana. Halafu nikapandishwa kwenye mizani. Kilo hamsini.

"Mzee," daktari akasema, "huu mwili hauna kitu cha kujengea. Nikikupasua hivi, kidonda hakitafunga. Kula protini. Maziwa, mayai, karanga, maharagwe. Baada ya wiki nane nataka kuona kilo hamsini na tatu, ndiyo tuendelee."

"Na nisipofika?"

"Nafasi nitampa mwingine. Wewe utangoja orodha ya mwaka ujao."

Mwaka ujao! Wakati huo safari ya kutoka kitandani hadi langoni ilikuwa inanichukua robo saa, nikishikilia ukuta. Nilijua vizuri kwamba mwaka ujao ukinikuta hivi, utanikuta kitandani, na sitainuka tena. Nilirudi nyumbani na hofu kifuani. Badala ya kutia bidii ya kula, nilifanya jambo ambalo hadi leo linaniaibisha.

Baada ya wiki mbili nilitakiwa kurudi kliniki kuangaliwa uzito. Asubuhi ile nilikwenda dukani nikamwomba Nyokabi aniazime jiwe la kilo mbili la mizani yake ya zamani, ambayo huitumia umeme ukipotea. Sikumweleza la nini. Nyumbani nikachukua makufuli mawili makubwa. Nikavaa koti langu la mazishi, lenye mifuko mirefu ya ndani, na nikapanda mizani nikiwa nimenyooka wima. Kilo hamsini na tatu na kitu.

Nesi aliyekuwa zamu ni Vivian. Nilimfundisha. Mwaka fulani nilimchapa fimbo nne kwa kunakili majibu ya hesabu kwa jirani yake.

"Mwalimu," akasema taratibu, "si utoe koti kwanza."

"Kuna baridi."

"Toa tu. Nitakushikia."

Nililivua. Lilipofika mikononi mwake lilimvuta chini nusura limwangushe. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa jiwe, akaliweka mezani, akatoa kufuli moja, akatoa la pili. Hakucheka. Nadhani angecheka ningeona afadhali. Alinipandisha tena: kilo arobaini na tisa na nusu.

"Hii sitaiandika," alisema. "Lakini Mwalimu, hata wewe?"

Jioni nilirudisha jiwe. Nyokabi alilipokea, akaligeuzageuza. Si mjinga. Alikuwa ameniona nikiondoka na koti la mazishi na bahasha ya hospitali.

"Mwalimu, hii jiwe yangu ulikuwa unapima nayo nini?"

"Viazi."

"Huna shamba ya viazi."

Nikageuka niondoke. Akaniita.

"Mwalimu, umekula?"

Sikuwa nimesikia swali hilo tangu Agosti ile. Nikajibu jibu langu la siku zote, kwa ukali uleule. "Nimekula."

"Leo umekula nini?"

Nikashindwa kudanganya haraka. Watu wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu wakingoja mkate, na yeye, bila haya, akanihoji mpaka akatoa yote: nyonga, wiki nane, kilo hamsini na tatu. Nilitoka pale nimekasirika sana. Kesho yake saa kumi na mbili na robo akabisha mlangoni kwangu ameshika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

Uji huo nimekuja kuujua sana, kwa hiyo acha niueleze. Nyokabi ana dakika chache tu kati ya kufungua duka na gari la mikate kufika. Anachemsha kikombe cha maziwa, anatia konzi mbili za oti, anakoroga mpaka zilainike. Anapunguza moto, anapiga mayai mawili kwenye kikombe, anayamimina polepole huku mwiko ukizunguka, ili yaive ndani ya uji yasigande vipande vipande. Mwishoni anaongeza kijiko kikubwa cha karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo. Dakika tano, sufuria moja. Oti zenyewe alielekezwa na mkimbiaji mmoja, lakini mayai na karanga ni akili yake.

Na mimi nilifanyia nini uji huo? Nilionja vijiko vitatu, nikasema kimoyomoyo kwamba hiki ni chakula cha farasi, na kilichobaki nikampa Bosko, mbwa wangu. Nilifanya hivyo kila asubuhi. Nyokabi angepita kuchukua bakuli, angeuliza, "Mwalimu, umekula?" nami ningesema, "Nimekula, asante." Kila siku bakuli lilikuwa limelambwa likang'aa.

Siku ya tisa alisimama langoni mikono kiunoni.

"Mwalimu, hii mbwa yako inaenda kliniki gani?"

"Kwa nini?"

"Imenona! Jana imeshindwa kupita chini ya ua. Na wewe shati inakuangukia mabegani. Haiya, mimi ni mtoto?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Akasema Jumapili atafunga duka baada ya kanisa, aje akae nami mezani aone kwa macho yake kijiko kikiingia mdomoni. Na kweli alikuja, bado amevaa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani. Nilikula nusu bakuli mbele yake, kwa kununa. Kisha, kwa kuwa nyonga ilikuwa imeninyima usingizi usiku, nikalala pale kwenye kiti.

Nilipoamka jikoni kulikuwa kunang'aa. Sufuria zote zilikuwa zimesuguliwa, kuta zimepanguswa masizi. Nje, juu ya jiwe kando ya bomba, kibuyu cha Jerop kilikuwa kimepinduliwa juani, maji yakitiririka mdomoni mwake. Kando yake palikuwa na sabuni ya unga, kokoto, na waya wa kusugulia.

"Hii ilikuwa imeoza ndani, Mwalimu," Nyokabi akaniambia kwa furaha, jasho likimtoka. "Nyeusi tititi! Nimeosha na maji moto mara tatu. Kwetu kibuyu ya uji tunaosha hivyo, na kokoto. Sasa ni mpya."

Kwa asiyejua: ule weusi haukuwa uchafu. Ni masizi ya mti wa senetwet, ambayo mama huyapaka ndani ya kibuyu kwa kijiti cha moto, tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka. Ndiyo yanayohifadhi maziwa na kuyatia ile ladha. Hakuna mke wa Kikalenjin atakayetia sabuni humo hata umlazimishe. Nilikichukua nikanusa. Kilinuka ua la plastiki, harufu ya sabuni ya kufulia.

Sitaandika yote niliyomwambia. Baadhi yake nimeyatubu kanisani. Nilimwambia kwamba amemwosha Jerop akammwaga pale bombani. Nilimwambia aondoke na uji wake, na asikanyage tena kwangu. Nikakirusha kibuyu kupita juu ya ua, kikaangukia nyasi za barabarani. Yeye aliniangalia tu. Mwanamke huyo asiyejua kunyamaza, alinyamaza. Alivua aproni ya Jerop aliyokuwa ameiazima, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti, akatoka.

Siku kumi zilipita. Nilirudia chai ya rangi. Sasa hata Bosko alinitazama kwa lawama. Kila asubuhi niliona duka likifunguliwa, nikasikia sauti yake ikiwachekesha watu wa mikate, na hakuna aliyevuka barabara kuniuliza kama nimekula. Siku ya sita nilivaa suruali, ikateleza mpaka magotini. Nikakaa kitandani nikafanya hesabu ya wiki zilizobaki. Nililia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimemfukuza mtu mmoja tu aliyekuwa akinitafuta, kwa kosa ambalo angelijuaje? Lakini kwenda kuomba msamaha kulinishinda. Nilijiambia ni nyonga.

Siku ya kumi na moja, Jumatano, niliona boda boda inasimama langoni na wanawake wawili wanashuka. Wa nyuma alikuwa Nyokabi. Wa mbele alikuwa Jemutai, mdogo wake Jerop, anayeishi Kiplombe. Jemutai alikuwa amebeba kitu ndani ya leso.

"Shemeji," Jemutai akasema hata kabla ya kukaa, "wewe ni mtu mbaya. Huyu mama amekuja kwangu akiuliza boma kwa boma, 'Dada ya Jerop ni nani hapa?' Analia. Akaniambia, 'Nimeharibu kitu cha marehemu, nifundishe kutengeneza.' Nikamuuliza kibuyu iko wapi. Akatoa kwa mfuko."

Alikuwa amekiokota kwenye nyasi jioni ileile.

Nyokabi alikuwa amesimama mlangoni, hajaingia. Nilikuwa nimemwambia asikanyage tena, naye alitii.

Jemutai aliendelea kunisimulia, akininyooshea kidole. Kwamba walikisuuza kwa maji matupu siku tatu mpaka sabuni ikaisha. Kwamba Nyokabi alikuwa akifunga duka saa nane mchana kila siku kwenda Kiplombe. Kwamba Jemutai alimfundisha kuchoma kijiti cha senetwet, kukiingiza kikiwa na kaa jekundu, na kukisugua ndani mpaka kigeuke unga mweusi. Na Nyokabi aliungua vidole viwili siku ya kwanza. Kwamba maziwa ya kwanza yaliharibika wakayamwaga. Ya pili yalikuwa humu.

Alifungua leso. Alifungua kifuniko. Akanipa.

Nilinusa, nikanusa tena. Ilikuwa harufu ileile ya Jerop. Sikuelewa. Nilimtazama Jemutai.

"Unashangaa nini?" akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imelainika. "Mti ni ule wa nyuma ya nyumba ya mama. Jerop alikuwa anakata hapo. Mimi nakata hapo. Mama ndiye alitufundisha sisi wawili. Ulifikiri dada yangu aliivumbua?"

Nilimgeukia yule aliyesimama mlangoni, na vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa.

"Mama Kinuthia," nikasema, "ingia. Nisamehe. Tafadhali ingia."

Akaingia. Aliufuta uso wake kwa kiganja, akaenda moja kwa moja jikoni, sauti ikimrudia njiani. "Sasa, Mwalimu, nimefikiria. Shida yako ni kusimama kwa jiko. Hii haitaki jiko." Alichukua bakuli, akatia konzi mbili za oti, akamimina mursik juu yake mpaka zikazama, akafunika. "Unaloweka hivi jioni, ukiwa umekaa. Asubuhi imelainika yenyewe. Unaweka karanga, unakula na mayai mawili nitakuletea yakiwa yamechemshwa. Hata dakika mbili haziishi."

Asubuhi iliyofuata nilifunua bakuli lile. Oti zilikuwa zimevimba, zimekunywa maziwa yote, zikawa nzito na za kijivu, na juu kulikuwa na vidoa vyeusi vya masizi. Kisha nikaanza kula. Ilikuwa chachu, na ya moshi, na karanga zikapasuka mdomoni. Nilikula yote. Bosko alikaa karibu na mguu wangu akingoja, akakosa. Nilijisikia njaa, kitu ambacho kilikuwa kimenitoka tangu mazishi, nikaloweka bakuli jingine la mchana.

"Mwalimu, umekula?" ikaja sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Nimekula!" nikapaza sauti. Hakuna uongo ndani yake.

Tuliendelea hivyo siku ishirini na moja. Yeye mayai, Jemutai maziwa kila Jumamosi, mimi kinywa. Siku ya kliniki nilivaa shati moja jepesi na nikaacha koti nyumbani makusudi. Vivian aliniona kwa mbali akaanza kutabasamu.

"Mwalimu, mifuko?"

Niliigeuza yote nje, mpaka ya nyuma. Akacheka, safari hii akacheka kwelikweli. Nikapanda. Sikutazama. Nilitazama kalenda ukutani.

"Hamsini na tatu nukta moja," Vivian akasema. "Unakula nini huko?"

Nilimpigia Nyokabi simu nikiwa bado nimesimama juu ya mizani. Nilisikia akipiga kelele, halafu nikasikia wateja wakiulizana kuna nini, halafu akawaeleza kilo zangu wote waliokuwa dukani. Sikukasirika hata kidogo.

Nilipasuliwa mwezi wa Aprili, tarehe kumi na nne. Asubuhi ya siku hiyo, nikiwa kwenye kitanda cha magurudumu, simu ililia. Alikuwa yeye.

"Mwalimu, umekula?" akauliza kwa mazoea.

"Sijakula, Mama Kinuthia. Nimekatazwa."

"Ngai! Nimesahau. Basi usile! Ukila nakuja huko na mwiko!"

Niliingia chumba cha upasuaji nikicheka. Sijui wangapi hapa Eldoret wamewahi kuingia humo wakicheka.

Kidonda kilifunga vizuri. Daktari alikisifu, nikamwambia sifa azipeleke Yamumbi. Nilitembea kwa magongo mawili, kisha moja, kisha mkongojo wa kawaida. Wakati huo wote mayai yalikuja kila asubuhi, na swali lilikuja nayo, nami nikalijibu.

Juzi, Jumatatu, niliamka mapema. Nilifunua bakuli langu, na nikiwa nimeshika kijiko, wazo moja likanijia ambalo lingepaswa kunijia miezi mingi nyuma. Mwanamke huyu hufungua duka saa kumi na mbili. Huchemsha mayai yangu, hupokea mikate, huuza mpaka saa nne bila kukaa. Ameniuliza swali lile zaidi ya mara mia. Mimi sijawahi kumwuliza hata mara moja. Wala mumewe hayupo wa kumwuliza.

Nilichukua bakuli la pili. Nikagawa uji nusu kwa nusu, nusu yake nikaimwagia karanga zaidi. Mkongojo nikauacha kwenye kiti, kwa sababu mkono mmoja ulihitajika kwa bakuli na mwingine kwa lango. Nikavuka barabara kwa miguu yangu miwili, polepole. Pikipiki moja ilisimama kunipisha. Nyokabi alikuwa ameinama akipanga mikate, hakuniona mpaka nilipoweka bakuli kwenye kaunta.

"Mama Kinuthia," nikasema, "umekula?"

Alilitazama bakuli. Akainua macho akaitazama barabara nyuma yangu, akaitazama miguu yangu, akaona hakuna fimbo. Alifungua mdomo kujibu, na kwa mara ya pili tangu nimjue, hakuwa na neno. Akavuta kiti cha mbao kutoka nyuma ya kaunta, akakaa.

"Bado," akasema hatimaye. "Bado, Mwalimu. Sijakula."

Nikampa kijiko. Mteja alikuja akitaka mkate, nikamwuzia mimi.